Hodi Isiyotaka Kuitikiwa

Mwende mwanangu,

Barua huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Siwezi kuandika hivyo. Uko sebuleni, hatua kumi kutoka hapa, unabishana na mama yako kama Rombo, unakoenda kuanza kazi, kunahitaji blanketi zito, na mimi nimejifungia chumbani na kalamu ya kazi kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Ni Jumapili, saa kumi jioni. Mambo ya blanketi, dawa ya malaria na kuchemsha maji nimemwachia mama yako. Yeye anajua kuyasema.

Kesho sitakusindikiza stejini. Nilikuambia jana mezani, ukaniangalia, ukasema, "Sawa tu, Baba. Job ni job." Halafu ukaendelea kula. Ningefurahi zaidi kama ungekasirika. Nilikuwa na jibu, nikalimeza pamoja na ugali. Jibu lenyewe ni refu, ndiyo maana naliandika.

Kesho saa tatu asubuhi natakiwa kuwa Kajiado, makao makuu ya kaunti, mbele ya kamati inayosikiliza malalamiko ya wenye majengo. Naenda kuwaambia kwamba niliandika uongo kwenye fomu. Inawezekana nikarudi bila kazi. Na kwa kuwa wewe umeajiriwa na kaunti hiyo hiyo, na unatumia jina hilo hilo, inawezekana habari zangu zikafika Rombo kabla hujajua choo cha ofisi kiko wapi. Nataka uzisikie kwangu kwanza.

Tangu ukiwa darasa la pili umeijua kazi yangu kwa jina moja: kanjo, mtu wa baraza la mji. Siku moja ulirudi kutoka shule ukaniuliza kama ni kweli baba yako anabomoa nyumba za watu. Nikakuambia hapana, mimi nabandika karatasi tu. Uliridhika, ukaenda kucheza. Mimi pia niliridhika, na jibu hilo nimelitumia miaka mingi sana.

Unaijua Kitengela. Umekua ukipita katikati ya nyumba zilizokwama. Watu hudhani nyumba ikikwama mwenyewe ni mzembe, au ni tajiri aliyesahau. Mimi nimewatafuta wenyewe, nakuambia wako kila namna. Kuna mmoja anayepanga chumba kimoja kule Tuala na hajamwambia mke wake kwamba ana ploti. Kuna ndugu wawili wenye ghorofa nne zisizo na madirisha, wamepelekana kortini mpaka njiwa wamezaa wajukuu humo ndani. Kuna aliyekufa na watoto wake hawajui ni ploti gani. Wakati huo nyasi zinakua, nyoka wanaingia, wezi wanapata pa kujificha, na mama anayetoka kazini jioni anapita hapo mbio. Ukuta mmoja ulishawahi kumwangukia mbuzi wa jirani, tukaamua kesi ya mbuzi siku nzima. Kwa hiyo majirani wanapotuandikia, wana haki. Sitaki uondoke hapa ukidhani kazi yenyewe ni mbaya.

Utaratibu wetu ni huu. Lalamiko likija, natumwa nikaangalie. Nabisha hodi. Nikimpata mwenye nyumba, nampa ilani mkononi: fyeka, ziba, malizia au bomoa. Nisipompata, ilani inabandikwa getini, napiga picha, najaza fomu. Kwenye fomu kuna mistari miwili. Mmoja unauliza kama mmiliki amepatikana. Wa pili unauliza kama jengo linakaliwa. Baada ya ilani ya pili anapita mtu wa rangi na kuchora X nyekundu ukutani. Baada ya X inakuja tinga la kubomolea. Mkubwa wangu wa kazi anapenda kusema, "Asiyekuwapo na lake halipo," kisha anagonga mhuri. Nilikuwa nacheka naye.

Nilipoanza nilikuwa nabisha kama nilivyofunzwa na bibi yako kule Makueni, hodi tatu, na katikati ya hodi unangoja. Watu walitoka. Mbisha hodi wa namna hiyo anakaribishwa chai. Ukikaribishwa chai unaelezwa, na ukishaelezwa huwezi tena kuandika mstari mmoja. Unaandika kurasa. Faili linapelekwa kwa kamati, kamati inaliahirisha, jirani anakupigia simu akikuuliza umekula nini kwa yule mtu. Faili zangu zilikuwa hazifungiki. Za wenzangu zilifungwa kwa wiki.

Basi nikajifunza. Hakuna aliyenifundisha, Mwende, nilijifunza mwenyewe. Nilijifunza kusema hodi kwa sauti ya mtu anayeongea na shati lake. Mara moja. Nilikuwa nimesema, hakuna anayeweza kuapa kwamba sikusema. Halafu nabandika, napiga picha, naandika hakupatikana.

Lemayian, dereva wetu, ndiye wa kwanza kuniambia. Unamkumbuka, yule aliyekufunza ukisalimiwa "Supa" kwa Kimaasai uitikie "Ipa", ukamwitikia "Fine". Siku moja alikuwa ameegemea gari akinitazama. Akasema, "Mutua, wewe unabisha kama mtu anaomba wasiamke."

Nikamwambia aangalie usukani wake.

"Kwetu mtu hafiki tu kwa mlango akasema neno moja akaenda," akasema. "Unasimama mahali unaonekana. Unangoja. Kama kuna mtu, atakuona."

"Na kama hakuna?"

"Utajua hakuna. Sasa wewe utajuaje?"

Nilipanda gari tukaenda ploti nyingine.

Mwaka jana nikapewa lalamiko la ploti moja upande wa chini, kule udongo mweusi unaponasa viatu mvua ikinyesha. Majirani walisema ni gofu, kuna nyasi za kufika kifuani, na kuna watu wanaonekana humo. Nilikuta kuta zimefika kwenye linta, juu tu ya madirisha, na kusimama hapo. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja kimeezekwa mabati. Geti la mbele lilikuwa na kufuli lililoshikana kwa kutu, nyasi zimepita juu yake. Niliona kwa macho yangu kwamba geti hilo halijafunguliwa muda mrefu sana. Niliona pia njia nyembamba kando, kwenye pengo la ua, imekanyagwa ikawa nyeupe. Na kwenye kizingiti cha kile chumba, ukichungulia kupitia geti, kulikuwa na ndara za bluu, zimelowa maji.

Nikasema hodi yangu kwa geti. Nikaandika jengo halikaliwi.

Ilani ya pili nilirudi baada ya wiki chache. Ya kwanza ilikuwa imeshachukuliwa na upepo, imebaki pembe moja kwenye gundi. Nikasema hodi. Mara hii ndani kulikuwa na redio, mahubiri, na niliposema hodi ile redio ikapunguzwa. Naomba uelewe hapo, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilisikia redio ikipunguzwa. Nikajiambia, huyu anajificha. Anajua kaunti imekuja, na mtu anayejificha amejijibu mwenyewe. Nilibandika karatasi juu ya ile pembe, nikapiga picha, nikaandika hakupatikana, halikaliwi, nikatia sahihi. Nilirudi kwa gari, Lemayian akawasha injini.

Siku ya tinga nilikuwepo, ni lazima afisa awepo. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, vumbi. Ukuta wa mbele ulianguka wote kwa mara moja, kisha wa pembeni. Ule wa pembeni ulishikana na kile chumba cha nyuma, na ukiuvuta huo, na chumba kinakuja. Ukuta wa chumba ukapasuka kutoka juu hadi chini. Mama mmoja akatokea upande wa nyuma, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Alitazama tinga, akanitazama mimi mwenye faili. Akasema, "Karibuni. Mnatafuta nani?"

Hakusema kwa hasira wala kwa kejeli. Alisema kwa sababu watu wako nyumbani kwake.

Yule wa tinga akazima injini. Nikaandika kwenye fomu: kazi imesimamishwa, mtu ameonekana. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, Mwende, niliutazama baadaye. Herufi zimenyooka. Nilirudi nyumbani, mama yako akapakua githeri, ukaniuliza, "Baba, siku ilikuwaje?" Nikasema kawaida. Nilikula sahani mbili. Sikuhisi kitu. Nilijaribu kuhisi, nilikaa pale kwenye kochi nikijisukuma kama mtu anayejaribu kupiga chafya, na haikuja. Nilikuwa nimekufa ganzi zamani, na nilikuwa sijui. Mpaka leo ninapoandika sina machozi ya kukuonyesha. Kama unatarajia baba anayelia kwenye karatasi, samahani.

Jina lake ni Mama Nekesa, mtu wa Bungoma. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka akastaafu. Mume wake alifanya kazi Athi River, na kila likizo alijenga mistari miwili mitatu ya mawe, yeye na fundi mmoja. Walifika kwenye linta, mume akafa. Mama akaezeka chumba kimoja akahamia humo, akaendelea kungoja siku ambayo angeweza kuendelea. Anaoka mandazi ya kupeleka dukani. Anapita kwenye pengo la ua kwa sababu ufunguo wa geti alizikwa nao marehemu mfukoni kwa bahati mbaya. Aliniambia hilo akicheka.

Sasa amelalamika kwa kamati, na kesho ndiyo siku yake. Hana karatasi ya stima ya kuonyesha anakaa hapo, maana hakuwa na stima. Hana mkataba wa kupanga, maana ni kwake. Kwenye faili kuna fomu mbili zenye sahihi yangu zinazosema hakuna mtu, na picha mbili za geti lenye kutu. Kamati ikiziamini, malalamiko yake yanakwisha, chumba kinamaliziwa kubomolewa, na ploti inaingia kwenye orodha ya mahame yasiyo na mwenyewe. Madalali wameshaanza kuiulizia. Wao huwa na pua nzuri kuliko sisi.

Mkubwa wangu aliniita Jumatano. Alikuwa mpole. "Simama na fomu yako," akasema. "Hauulizwi kitu ingine. Wakikuuliza, sema ilani ilibandikwa. Si ilibandikwa?"

"Ilibandikwa."

"Basi."

Na ni kweli ilibandikwa. Ningeweza kusema hivyo kesho bila kuongeza neno la uongo hata moja, nikarudi saa saba kabla gari lako halijafika Loitokitok. Nililipenda wazo hilo siku mbili nzima. Nakuambia ili usidhani baba yako aliamka akiwa mtu mwema.

Ijumaa baada ya kazi nilienda kumtafuta. Amehifadhiwa na rafiki yake wa kanisani, nyuma ya soko. Nilisimama mlangoni nikabisha, na sauti ikanishinda, nilikuwa nimesahau jinsi ya kuitoa. Nilirudia. Mara ya tatu akatoka. Alinitambua. Akaniwekea kiti, akaniletea chai na mandazi mawili, akakaa.

Nikamuuliza kwa nini hakuitikia ile siku ya redio. Ndilo swali nililoenda nalo. Nadhani nilitaka aseme alijificha, ili tugawane kosa.

Akanisogezea sahani ya mandazi. "Hiyo siku nilisikia kama kuna mtu anaongea na geti," akasema. "Nikapunguza redio ndio nisikie vizuri. Lakini hakurudia."

Mandazi yalikuwa mdomoni. Niliyatafuna, nikameza.

"Ni wewe ulikuwa?" akauliza.

"Ni mimi."

"Na redio uliisikia?"

"Niliisikia, Mama."

"Basi Jumatatu ukiulizwa, sema hivyo tu," akasema. "Mimi sitaki uongeze kitu. Nikisema mimi nilikuwa ndani, ni neno la mama mzee. Ukisema wewe ulinisikia, hiyo ni ya ofisi."

Halafu akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia niko na msichana anaenda kuanza kazi Rombo, kwenye afya, atakuwa akizunguka nyumba kwa nyumba akiangalia vyoo na maji. Akasema, "Ah, huyo atakunywa chai nyingi."

Nilirudi kwa miguu. Njiani sikumfikiria yeye, nilikufikiria wewe, na hapa nataka kukuambia jambo ambalo halihusu kaunti.

Unakumbuka mwaka ule ulipomaliza chuo, ukapata kazi ile ya kwanza na kuipoteza ndani ya miezi miwili. Ulijifungia chumbani wiki nzima. Mama yako alikuwa Makueni anamuuguza bibi yako. Jumamosi mchana nilikuja mlangoni kwako. Nikasema, "Mwende." Nilisema mara moja, na sauti unaijua sasa ni ipi. Nikasikia kitanda kikilia, kama mtu ameketi. Nilingoja kidogo sana, nikaenda zangu uwanjani kuangalia mpira. Mama yako alipopiga simu nikamwambia umelala, uko sawa. Hujawahi kuniambia ulikuwa katika hali gani siku ile, na mimi sijawahi kuuliza. Niliogopa ungefungua. Nisingejua la kusema, na faili lisingefungika.

Sijui kama ulikuwa umeketi ili unisikie vizuri. Siku ukitaka kuniambia, nitakuwa na muda.

Sikupi ushauri kuhusu kazi yako, mwenyewe unaona mshauri ni nani. Nakuambia tu jinsi inavyoanza, kwa sababu haianzi na ubaya. Huanza siku ambayo umechoka, jua ni kali, kuna nyumba kumi na moja zimebaki kwenye orodha, na ya kumi na moja ina mama anayependa kuongea. Unapunguza sauti kidogo. Hakuna anayeumia siku hiyo. Hata wiki hiyo hakuna. Mkubwa wako anakusifu kwamba unamaliza kazi mapema. Mimi nilipandishwa cheo mwaka huo, tukachinja kuku, wewe ukala paja.

Na ukikutana na mtu aina ya Lemayian huko, mwache aseme. Utamchukia kidogo. Mimi nilimchukia kama miaka minne.

Kesho atanichukua saa kumi na mbili asubuhi na gari lake mwenyewe, si la kaunti, tumpitie Mama Nekesa. Afisa haruhusiwi kuonekana na mlalamikaji. Lemayian alisema, "Wacha waone," na yeye ana watoto watano na kazi ile ile ya kupoteza. Mama yako nimemwambia. Aliuliza kama shati la buluu limepigwa pasi. Nadhani hiyo ilikuwa ndiyo.

Huko Rombo watu watakuuliza, "Wewe ni wa yule Mutua wa Kitengela?" Ukiona vyema kukana, kana, sitanung'unika. Una maisha yako ya kuanza, na jina si kovu, linaweza kuwekwa kando. Lakini ukikubali, usinitetee. Usiseme baba yangu alibadilika. Sema tu alichoandika, na alichoenda kusema baadaye, wao wapime.

Kuna jambo dogo limebaki. Asubuhi uliniachia fomu zako za kuripoti kazini nikujazie sehemu ya mzazi. Jina nimeandika, namba ya simu nimeandika. Kuna mstari unaouliza kazi ya mzazi. Nimeushikia kalamu hapa tangu saa nane. Nimezoea kujaza mistari haraka, lakini huu nimeuacha mtupu. Utaripoti Jumanne. Kesho jioni nitakupigia simu nikuambie cha kuandika, na lolote nitakalokuambia, litakuwa kweli.

Babako,
Mutua